Miaka ya KK: Nani Aliihesabu, na kwa Nini Wengine Wanataka Kuihesabu Upya?

Katika vifungu vya ufahamu tunavyowapa wanafunzi wetu, hasa vile vinavyohusu Misri ya kale, herufi KK hutokea mara nyingi. Mwanafunzi husoma kwamba Farao Ramesses wa Pili alitawazwa mwaka 1279 KK, kisha husoma kwamba Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, naye huzipokea tarehe hizo mbili kwa uzito uleule. Hana sababu ya kuzitofautisha, kwani zimeandikwa kwa tarakimu zilezile na kwa vitenzi vilevile. Lakini hakuna mtu wa zama za Ramesses aliyewahi kuandika "1279". Namba hiyo imejengwa na wataalamu waliokuja baadaye sana, kipande kwa kipande, na wataalamu hao hao hawakuianza hapo. Wapo waliosema 1304, wapo waliosema 1290, na wapo wachache waliosema kwamba mfalme huyo aliishi miaka 300 na zaidi baadaye kuliko tunavyofundishwa.

Makala haya yanakusudia kueleza tarehe hizo zilipatikanaje, na kwa nini kila baada ya muda hutokea watu wanaotaka kuzibomoa. Nimeona inafaa kulileta suala hili mbele ya walimu wa lugha, si wa historia peke yao, kwa sababu vitabu na filamu zinazodai kwamba tarehe zote za kale ni uongo huwafikia wanafunzi wetu mapema kuliko sisi. Tena, kama tutakavyoona, sehemu ya ugomvi wenyewe ni ugomvi wa matamshi, jambo ambalo sisi watu wa isimu tuna haki ya kulitia mkono.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kiswahili kimelipokea neno "tarehe" kutoka Kiarabu, na katika maandishi ya zamani neno hilo halikuwa na maana ya siku ya mwezi tu. Lilikuwa pia na maana ya habari za kale zilizopangwa kwa miaka. Maana hiyo ya pili imefifia, ndiyo maana sasa tunalazimika kutumia "kronolojia" au kusema "mpangilio wa tarehe". Neno jingine linalowachanganya wanafunzi ni "kushusha". Miaka ya KK huhesabiwa kurudi nyuma, kwa hiyo mtaalamu anapotoa tukio mwaka 1500 KK na kulipeleka 1200 KK, namba imepungua lakini tukio limesogea karibu nasi. Hapo husemwa kuwa tarehe "imeshushwa". Na kwa vile hakuna mwaka sifuri, baada ya mwaka 1 KK huja moja kwa moja mwaka 1 BK. Nimewahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la kuhesabu miaka kati ya 5 KK na 5 BK, na zaidi ya nusu ya darasa waliandika 10. Jibu ni 9.

Sasa tuingie katika shina la jambo. Wamisri wa kale hawakuwa na mwaka mmoja wa kuanzia hesabu kama sisi tulivyo na kuzaliwa kwa Kristo au Waislamu walivyo na Hijra. Walihesabu kwa tawala: "mwaka wa 5 wa mfalme fulani, mwezi wa pili wa mafuriko, siku ya 10". Mfalme akifa, hesabu inaanza upya. Basi mtu akitaka kujua mwaka wa 5 wa mfalme fulani uko umbali gani kutoka leo, hana budi kujua ni nani alimfuata, naye alitawala miaka mingapi, na kama wawili hao waliwahi kutawala pamoja. Orodha iliyotupa msingi wa mpangilio huo iliandikwa na Manetho, kuhani wa Kimisri wa karne ya 3 KK aliyeandika kwa Kigiriki na kuwagawa wafalme katika nasaba 30. Kitabu chake kilipotea. Tulicho nacho ni dondoo zilizonakiliwa na waandishi wa baadaye, akina Josephus, Africanus na Eusebius, na dondoo hizo hazikubaliani kila mahali.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta mwaka mmoja usiotikisika, kisha kurudi nyuma kutoka hapo. Inafurahisha kwamba mwaka huo unatuleta kwa mfalme Mwafrika wa kusini mwa Misri: Taharqa wa Kushi, ambaye Biblia humwita Tirhaka. Waajemi waliiteka Misri mwaka 525 KK, na tawala zilizopita kati ya hapo na Psamtik wa Kwanza zinajulikana vizuri, hata tunajua kwamba mwaka wa kwanza wa Psamtik ni 664 KK. Kabla yake kuna nini? Jibu limetoka kwa ng'ombe. Wamisri wa Memfisi walimtukuza fahali aliyeitwa Apis, na alipokufa alizikwa kwa heshima na kuwekewa jiwe la kumbukumbu. Jiwe moja linasema kwamba fahali fulani alizaliwa mwaka wa 26 wa Taharqa, akafa mwaka wa 20 wa Psamtik, akiwa na umri wa miaka 21 na ushei. Piga hesabu: hakuna nafasi ya mfalme mwingine kati ya hao wawili katika hesabu ya Memfisi. Taharqa basi alianza kutawala mwaka 690 KK. Ni wataalamu wachache sana wanaoipinga tarehe hiyo.

Kurudi nyuma zaidi ya 690 KK ndiko kuanzako matata. Kati ya mwisho wa akina Ramesses na Taharqa kuna kipindi cha miaka takriban 400 ambacho Misri ilikuwa imegawanyika. Wafalme walikuwapo Tanisi, wengine Leontopoli, wengine Herakleopoli, na makuhani wakuu wa Thebesi nao walijiona wafalme. Nani alitawala sambamba na nani? Mtaalamu wa Kiingereza Kenneth Kitchen alikipanga kipindi hicho kwa uvumilivu mkubwa katika kitabu chake cha mwaka 1973, na hadi leo wanaompinga huanza kwa kumsoma. Lakini kila asemaye kwamba historia ya kale ina miaka ya ziada huelekeza kidole hapohapo.

Msaada mkubwa umetoka nje ya Misri. Waashuru walikuwa na desturi ya kuupa kila mwaka jina la afisa mmoja, na orodha za maafisa hao zimebaki kwenye mabamba ya udongo. Katika mwaka wa afisa aitwaye Bur-Sagale, orodha inasema kwamba palikuwa na uasi katika mji wa Ashuru na kwamba jua lilipatwa katika mwezi wa Simanu. Wanafalaki wamehesabu: ni tarehe 15 Juni 763 KK. Kutoka hapo orodha inakwenda mbele hadi kukutana na hesabu za kupatwa kwa mwezi zilizohifadhiwa na Ptolemaio wa Aleksandria, na inarudi nyuma bila kukatika hadi mwaka 910 KK. Nyuma ya hapo tunategemea orodha ya wafalme wa Ashuru, nayo ni nzuri ingawa si kamilifu. Mfalme mmoja, Ninurta-apil-Ekur, nakala moja humpa miaka 3 na nyingine 13, na hiyo peke yake ni tofauti ya miaka 10.

Sasa unganisha nchi hizo mbili. Mwaka 1887 huko Amarna nchini Misri yalipatikana mabamba ya barua za wafalme, na miongoni mwa walioandika ni Ashur-uballit, mfalme wa Ashuru, na Burna-Buriash wa Babeli. Basi Akhenaten, aliyepokea barua hizo, ni wa karne ya 14 KK kama walivyo wao. Vilevile mkataba wa amani kati ya Ramesses wa Pili na Hattusili, mfalme wa Wahiti, uko katika nakala mbili, moja kwenye kuta za mahekalu ya Misri na nyingine katika udongo huko Hattusa, Uturuki ya leo. Uliandikwa mwaka wa 21 wa Ramesses. Hattusili naye aliandikiana na wafalme wa Babeli. Kwa hiyo Misri haielei peke yake. Imefungwa kamba tatu au nne kwa majirani zake. Ukitaka kuisogeza Misri miaka 300, sharti uisogeze Ashuru, Babeli na Wahiti pamoja nayo, au uzikate kamba zote. Hili ndilo neno ambalo mashabiki wa nadharia mpya hulisahau kuliko yote.

Wataalamu wa zamani walitegemea pia nyota. Kalenda ya Misri ilikuwa na siku 365 tu, bila siku ya nyongeza kila mwaka wa 4, kwa hiyo kila miaka 4 ilikuwa ikiachana na jua kwa siku moja. Kuchomoza kwa nyota Sirio alfajiri kulirudi kwenye siku ileile ya kalenda baada ya miaka 1460 hivi, na mwandishi wa Kirumi Censorinus anatuambia kwamba mwaka 139 BK nyota hiyo ilichomoza siku ya mwaka mpya. Mjerumani Eduard Meyer alitumia habari hiyo mwaka 1904 kupanga historia yote ya Misri. Njia hii ni nzuri katika karatasi. Tatizo ni kwamba hatujui mtazamaji alisimama wapi: akisimama Memfisi, kaskazini, na akisimama Elefantini, kusini kabisa, tarehe zinatofautiana kwa miaka 20 na ushei. Siku hizi nyota ya Sirio haitumiki tena kama nguzo, bali kama boriti ya kusaidia.

Kuna nguzo nyingine ambayo wengi hawajui kwamba ipo, nayo ni aya moja ya Biblia. Katika 1 Wafalme 14:25 imeandikwa kwamba katika mwaka wa 5 wa mfalme Rehoboamu, Shishaki mfalme wa Misri alikwea juu ya Yerusalemu. Nani huyo Shishaki? Mwaka 1828 Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Kimisri, alifika Karnak na kusoma orodha ya miji iliyotekwa na Shoshenq wa Kwanza. Katika duara moja aliona maneno aliyoyafasiri kuwa "ufalme wa Yuda", na jambo likaonekana limekwisha: Shoshenq ndiye Shishaki, na mwaka wake ni 925 KK hivi kwa hesabu ya wafalme wa Yuda. Baadaye ilibainika kwamba maneno yale hayasemi hivyo. Ni jina la mahali tu. Aidha, Yerusalemu haionekani katika sehemu ya orodha iliyobaki. Hata hivyo wataalamu walio wengi wameendelea kuamini kwamba Shoshenq ndiye Shishaki, kwa sababu nyingine nitakazozitaja.

Aya hiyo moja imekuwa bawaba ya mlango. Kila anayetaka kuusogeza mlango huanza hapo, na wa kwanza kufanya hivyo kwa kishindo alikuwa mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa fizikia: Isaac Newton. Kitabu chake juu ya kronolojia ya falme za kale kilichapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo alidai kwamba Shishaki ni Sesostris wa hadithi za Wagiriki, na kwamba Wagiriki na Wamisri walikuwa wameongeza miaka mingi katika historia zao ili waonekane wa kale. Hoja yake ya Misri haina wafuasi leo. Lakini hoja yake ya hesabu inastahili kusikilizwa. Alisema waandishi wa Kigiriki walikuwa wakimpa kila mfalme urefu wa kizazi kizima, yaani wafalme watatu kwa karne moja, ilhali ukiangalia wafalme ambao miaka yao inajulikana, wastani ni miaka 18 au 20 kwa kila mmoja. Wafalme hufa vitani, hupinduliwa, hurithiwa na ndugu zao. Kizazi na utawala si kitu kimoja.

Msomaji wa Maziwa Makuu atatambua mara moja kwamba hoja hii imeshatufikia. Huko Rwanda, Alexis Kagame alipopanga tarehe za wafalme kutokana na mapokeo simulizi alitumia miaka 33 kwa kizazi. Jan Vansina, katika kazi yake ya mwaka 1962, alitumia 24, na falme zile zile zikasogea karibu nasi kwa karne nzima na zaidi. Na hapa Uganda tuna Bur-Sagale wetu. Mapokeo ya Bunyoro na Nkore yanasema kwamba Omukama Olimi alikuwa amevamia Nkore na kuchukua ng'ombe, na alipofika Biharwe jua likatiwa giza mchana. Akaogopa, akaacha ng'ombe na kurudi kwao. Wengi hulihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Wengine walipendekeza 1492. Njia ni ileile ya Ashuru, lakini ushahidi wa Ashuru una mwezi na jina la mwaka, wetu una jina la mfalme na la mahali. Ndiyo maana huko hawagombani juu ya 763 na huku tumegombana.

Turudi Misri. Mwaka 1952 Immanuel Velikovsky, tabibu wa nafsi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alitoa kitabu kilichodai kwamba historia ya Misri imezidishwa kwa miaka 500 na zaidi. Kwake yeye, Malkia wa Sheba alikuwa Hatshepsut na Shishaki alikuwa Thutmose wa Tatu. Kilisomwa sana. Wataalamu walikikataa, wengine kwa hasira iliyokisaidia kuuzwa zaidi.

Kitabu kilichofuata ni cha aina nyingine kabisa. Mwaka 1991 Peter James na wenzake wanne, watu waliosomea kazi hii, walichapisha utafiti juu ya kile kiitwacho "karne za giza". Walianza na swali la haki. Katika Ugiriki, majumba ya kifalme ya Mykene yanakwisha karibu na 1200 KK, na maisha ya mijini yanaonekana tena katika karne ya 8 KK. Kati ya hapo kuna kitu kidogo sana: watu wachache, maandishi hakuna. Pengo kama hilo linaonekana Uturuki na mahali pengine. Je, yamkini nchi zote hizo zililala kwa wakati mmoja, au pengo lenyewe ni la kubuni? Walionyesha kwamba tarehe za Mykene hazikutoka Ugiriki. Zilitoka Misri, pale Flinders Petrie alipokuta vyungu vya Mykene katika machimbo yake ya Misri mwishoni mwa karne ya 19. Misri ikikosea, wote wanakosea. Hilo Cecil Torr alikuwa ameshalisema kumpinga Petrie mwaka 1896. Akina James walipendekeza tarehe zishushwe hadi miaka 250. Colin Renfrew, mwanaakiolojia mwenye heshima kubwa, aliwaandikia dibaji, si kwa kukubali jibu lao bali kwa kuona kwamba swali lilikuwa la lazima. Mimi naona alifanya vyema.

Kisha mwaka 1995 David Rohl, Mwingereza aliyesomea Misri ya kale, alitoa kitabu kilichoandamana na kipindi cha televisheni, naye akataka miaka hadi 350 iondolewe. Shishaki wa Rohl ni Ramesses wa Pili mwenyewe, ambaye kwa hesabu hiyo anaangukia karne ya 10 KK. Hoja zake si za kuchekwa. Alionyesha kwamba katika makaburi ya mafahali wa Apis hayajapatikana maziko ya Nasaba ya 21 na mwanzo wa ya 22, jambo la ajabu ikiwa nasaba hizo zilidumu muda mrefu hivyo. Alionyesha pia kwamba huko Tanisi kaburi la Osorkon wa Pili linaonekana kujengwa kabla ya kaburi la Psusennes wa Kwanza, ambaye vitabu vinamweka zaidi ya karne moja kabla yake.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Rohl alidai kwamba Ramesses alikuwa na jina la mkato lililotamkwa karibu na "Sisa", na kwamba Waebrania walilifanya "Shishak". Wapinzani wake walijibu kwa fonolojia. Jina la Ramesses limo katika Biblia ya Kiebrania, kwa mfano katika Kutoka 1:11, na sauti za Kimisri zilizomo zimeandikwa kwa herufi ya /s/, si kwa herufi ya /sh/. Kwa nini mwandishi abadili sauti hiyo katika jina la mkato na asiibadili katika jina kamili? Na ile /k/ ya mwisho imetoka wapi? Kwa upande mwingine, Shoshenq ana /sh/ mbili na konsonanti ya nyuma mwishoni, na Wamisri wenyewe mara nyingi waliliandika jina hilo bila /n/. Mwanafunzi wetu anayejua jinsi maneno ya mkopo yanavyobadilika anapoyaingiza katika Kiswahili, anajua pia kwamba mabadiliko hayaendi ovyo, yana utaratibu. Ongeza kwamba huko Megido, katika machimbo ya miaka ya 1920, kilipatikana kipande cha jiwe chenye jina la Shoshenq wa Kwanza. Alifika nchi ile.

Lakini kilichoimaliza hoja ya miaka 350, kwa maoni yangu, si majina bali kaboni. Kila kilicho hai huchukua kutoka hewani kiasi kidogo cha kaboni 14. Kikifa hakichukui tena, na kile kilichomo hupungua polepole. Baada ya miaka 5730 hivi nusu yake huwa imetoweka. Willard Libby aliivumbua njia hii mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Miongoni mwa vitu vya kwanza alivyopima ni mbao za makaburi ya Misri, kwa sababu umri wake ulidhaniwa unajulikana. Baadaye iligunduliwa kwamba kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa kilekile kila karne, na vipimo vikarekebishwa kwa kutumia pete za mwaka zinazoonekana ukikata shina la mti, pete moja kwa mwaka mmoja.

Kwa muda mrefu vipimo vya Misri vilikuwa vichache na vya kusuasua. Mbao, kwa mfano, huenda ilitoka katika mti uliokuwa na karne kadhaa. Mwaka 2010 timu iliyoongozwa na Christopher Bronk Ramsey wa Oxford ilichapisha matokeo ya vipimo zaidi ya 200 vya mimea ya muda mfupi: mbegu, matete, vikapu, vitu vya msimu mmoja. Vilitoka katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, maana Misri hairuhusu sampuli kama hizo kutolewa nchini. Vyote vilihusishwa na tawala zinazojulikana. Matokeo yaliweka mwanzo wa Ufalme Mpya kati ya 1570 na 1544 KK, karibu sana na vitabu. Nafasi ya kusogeza miaka 20 ipo. Nafasi ya miaka 350 haipo, wala ya 250.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kaboni humaliza kila kesi. Katika bahari ya Aegean kuna kisiwa cha Thera, ambacho mlima wake wa moto ulilipuka kwa nguvu isiyo ya kawaida katika Zama za Shaba. Wanaakiolojia, kwa kufuata vyungu na uhusiano na Misri, walisema karne ya 16 KK au hata karibu na 1500. Mwaka 2006 kilitangazwa kipimo cha tawi la mzeituni lililofukiwa na majivu kisiwani humo: 1627 hadi 1600 KK. Kambi mbili zikaundwa. Mwaka 2018 watafiti walipopima pete za miti mwaka kwa mwaka, badala ya kumi kumi kama zamani, waligundua kwamba kipimo cha kurekebishia kilikuwa na kasoro kidogo mahali hapohapo, na karne ya 16 ikarudi kuwa jambo linalowezekana. Ugomvi haujaisha.

Babeli nayo ina ugomvi wake. Hammurabi, yule wa sheria, anaweza kuanza kutawala mwaka 1848, 1792, 1728 au 1696 KK, kutegemea nani unayemsoma. Sababu ni Zuhura. Bamba moja limehifadhi habari za kuonekana na kutoweka kwa sayari hiyo katika enzi ya mfalme Ammisaduqa, lakini mwenendo wa Zuhura hujirudia kila miaka 56 au 64, kwa hiyo hesabu inatoa majibu kadhaa yenye sura moja. Utafiti wa mwaka 2016 juu ya mbao za majumba ya Kültepe na Acemhöyük nchini Uturuki umeipa nguvu ile ya 1792, au nyingine iliyo chini yake kwa miaka 8. Wengi tunaandika 1792, na ni afadhali tuandike "takriban".

Kuhusu mwanahisabati wa Kirusi Anatoly Fomenko, anayedai kwamba karibu historia yote ya kale ilibuniwa katika zama za kati, sitapoteza nafasi ya jarida. Mabamba ya Babeli yana hesabu za kupatwa kwa mwezi ambazo zinalingana na anga la karne zake, na hakuna mtunzi wa uongo wa zama za kati aliyekuwa na uwezo wa kuyaandika na kuyafukia ardhini Iraki.

Afadhali nitaje marekebisho madogo yaliyokubaliwa na wengi, nayo yanamhusu jirani yetu wa kaskazini. Vitabu vingi husema wafalme wa Kushi waliotawala Misri walifuatana hivi: Piye, Shabaka, Shebitku, Taharqa. Mwaka 1999 yalichapishwa maandishi ya mfalme Sargon wa Pili yaliyochongwa kwenye mwamba wa Tang-i Var nchini Irani, ambayo yanamtaja Shebitku kuwa mfalme wa Kushi kufikia mwaka 706 KK, mapema kuliko vitabu vilivyoruhusu. Kwa miaka kadhaa wataalamu walijaribu kusuluhisha kwa kudhani kwamba wawili hao walitawala pamoja. Mwaka 2013 Michael Bányai alipendekeza jambo rahisi zaidi: labda Shebitku alitangulia na Shabaka akafuata. Wengine waliokagua upya maandishi ya vipimo vya mafuriko ya Naili kwenye gati la Karnak, na mpangilio wa makaburi ya el-Kurru nchini Sudan, wamefikia jibu hilohilo. Mwenye kitabu cha zamani darasani atakuta majina hayo yamepangwa kinyume, na akiwa na kalamu anaweza kuchora mshale.